Tom Kiprono Lagat: Mlinzi wa Maegesho Aliyezijua Njia za Msitu Asioufikia

9 Juni 1979 – 26 Januari 2025

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika hapa kanisani Doha leo Ijumaa tarehe 31 Januari 2025, pamoja nanyi mnaotusikiliza kwa simu kutoka Kaptagat: haya ni maisha ya Tom kama yalivyoandikwa katika madaftari yake manane na kama yanavyokumbukwa na waliokaa naye.

Tom alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Juni 1979, katika nyumba za wafanyakazi wa kituo cha misitu kando ya msitu wa Kaptagat. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Lagat na Mama Kobilo. Aliitwa Kiprono kwa kuwa alizaliwa jioni, saa ya mbuzi kurudi bomani. Mama yake husema kwamba siku hiyo mbuzi walichelewa kwa sababu ya ukungu, na mtoto akawatangulia.

Mzee Lagat alifanya kazi katika kitalu cha miche. Nyuma ya kitalu palikuwa na shamba dogo la miti ya kigeni, iliyopandwa kwa majaribio kabla ya Uhuru. Mingi ilikufa. Mmoja uliotoka pwani ya Kalifonia ulishika, ukapanda juu kupita mingine yote, gome lake jekundu na laini kama manyoya. Kwenye shina kulikuwa na kibao cha bati kilichoandikwa *Sequoia sempervirens*. Wafanyakazi hawakuweza kulitamka jina hilo, wakauita msekoya, na watoto wakauita Mgeni. Tom alijifunzia herufi kwenye kibao hicho kabla hajaanza shule. Kwa hiyo maneno ya kwanza aliyosoma maishani yalikuwa ya Kilatini, na ingawa hakuyaelewa aliweza kuyaandika chini kwa kijiti bila kukosea.

Alisoma Shule ya Msingi ya Simotwet kuanzia 1986 hadi 1993. Angeingia kidato cha kwanza Februari 1994, lakini mwezi huo shehena ya magogo ilipotea kituoni, na Mzee Lagat akaletewa karatasi ya Kiingereza aliyoambiwa ni ya uhamisho. Alitia sahihi. Jioni alikuja nayo nyumbani, na Tom, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na minne, ndiye aliyemsomea. Alisoma hadi mwisho, kisha akarudia mstari wa nne mara mbili. Mstari huo ulisema kwamba mzee amekiri kuyauza magogo yale. Familia ilipewa siku kumi na nne kuhama. Mzee Lagat hakuajiriwa tena na mtu yeyote, na kwa miaka mingi sokoni aliitwa Bwana Magogo.

Tom aliingia Shule ya Upili ya Simotwet mwaka mmoja baadaye, 1995, akamaliza kidato cha nne 1998. Somo lake lilikuwa Jiografia, hasa usomaji wa ramani. Mwalimu wake alipenda kusimulia jinsi Tom alivyonyoosha mkono katikati ya mtihani wa majaribio.

"Mwalimu, hii njia hapa haivuki mto. Nimeipita. Inaishia kwenye mawe."

"Lagat, hiyo ni ramani ya Serikali. Ramani ya Serikali haikosei."

"Basi mwalimu, mto ndio umekosea."

Darasa lilicheka hadi mwalimu mkuu akaja kuchungulia. Tom hakucheka. Alikuwa amesema alichokiona.

Baada ya shule alifanya vibarua vya kitalu na vya duka, kisha akawa mlinzi mjini Eldoret kwa miaka kumi na mitatu. Tarehe 18 Desemba 2004, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Jeptoo, mwalimu wa chekechea. Walijaliwa watoto wawili: Shaun, aliyezaliwa 2006, na Chemutai, aliyezaliwa 2011. Jeptoo anasema mumewe alikuwa mtu wa maneno machache ila kila neno alilisimamia. Akikwambia atafika saa nane, weka chai motoni saa nane kasorobo.

Tom alifika Doha Jumatatu tarehe 6 Machi 2017, akaajiriwa na kampuni ya ulinzi na kupangiwa jengo la makazi katika kisiwa cha The Pearl. Juu yake palikuwa na maji ya bahari, mashua za matajiri na mikahawa. Yeye alikuwa maegeshoni, orofa ya tatu chini ya ardhi, zamu ya saa kumi na mbili, siku sita kwa wiki. Aliingia kabla ya jua na kutoka baada yake. Kulikuwa na nguzo mia moja themanini na nane, zote zimepakwa rangi nyekundu hadi usawa wa kifua ili madereva wazione. Tom alizihesabu wiki ya kwanza. Katika daftari la pili ameandika: "Mahali hapa hakuna asubuhi. Kuna taa tu."

Mwezi Novemba 2018 mpangaji mmoja alihama na kuacha sanduku kando ya mapipa ya taka. Ndani yake mlikuwa na ramani ya kukunja ya misitu ya pwani ya Kalifonia kaskazini. Tom aliomba ruhusa kwa msimamizi kabla ya kuichukua. Alipoikunjua juu ya meza ya lindo aliona pembeni picha ya mti, na chini yake maneno yale yale ya kibao cha bati. Mgeni alikuwa na kwao.

Tangu siku hiyo Tom aliusoma msitu ule kama wengine wanavyosoma magazeti ya mpira. Alijua kwamba misekoya hunywa ukungu unaotoka baharini, matone yakidondoka kutoka kwenye majani hadi kwenye mizizi. Alijua kwamba mizizi yenyewe haiendi chini sana, bali hushikana na ya jirani, na kwamba mti ukianguka, watoto wake huota kwa duara kuzunguka kisiki. Alijua kuna koa wa rangi ya ndizi mbivu anayetambaa juu ya kangaga. Lakini kilichomshika zaidi ni njia. Si zile njia mashuhuri zenye mabango na magari mia mlangoni. Hizo, alisema, zina wenyewe. Yeye alizipenda zile ndogo ambazo watu watano huzipita kwa mwezi, zilizofuata reli za zamani za wakata mbao au vijito visivyo na jina mdomoni mwa wageni. Njia kama hizo kangaga huzimeza kwa misimu miwili tu, na ramani huzisahau.

Kwenye mtandao kuna ramani iliyo wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuirekebisha. Tom alijiandikisha. Shida ni kwamba misekoya hufunika ardhi, hata picha za satelaiti haziioni njia iliyo chini yake. Watembezi wengine huwasha simu, na simu huacha mstari pale walipopita. Tom aliuita mstari huo unyayo. Alikusanya nyayo, akazilinganisha na ramani za zamani na picha za watembezi, akachora. Mtandao ulishika mahali pamoja tu kwenye orofa yake, kwenye nguzo ya 41. Wenzake walipomtafuta saa ya mapumziko walikwenda moja kwa moja hapo.

Mwezi Aprili 2019 aliona jambo. Katika njia aliyoiita Njia ya Kinu, kwa sababu ilipita magofu ya kinu cha mbao, watembezi kumi na mmoja mfululizo walifika mahali fulani kando ya kijito wakageuka. Ramani ilionyesha daraja. Tom aliwaandikia wajitolea wanaotunza njia hizo. Aliyemjibu alikuwa Stacy, mwalimu mstaafu wa huko, ambaye alimwandikia kwa upole kwamba huenda watu hao walichoka.

Tom alijibu: "Mama, watu kumi na mmoja hawawezi kuchoka mahali pamoja."

Stacy alikwenda kuangalia. Daraja lilikuwa limechukuliwa na mafuriko ya Februari, na ukingo ulikuwa umemong'onyolewa chini kwa chini kiasi kwamba anayekuja kwa haraka angeanguka. Aliporudi alimuuliza Tom anaishi umbali gani na pale. Tom alimwambia. Siku mbili baadaye Stacy alimtumia orodha ya njia nyingine sita zenye mashaka. Kwa miaka iliyofuata walifanya kazi hiyo pamoja, yeye kwa miguu na Tom kwa nguzo ya 41. Marekebisho ya Tom ni mia mbili na kumi na manne, na yamo kwenye ramani hiyo hadi leo.

Walinzi wa zamu yake walikuwa na kundi la simu lililoitwa Zamu B, watu hamsini na kitu, Wakenya, Waganda na Watanzania. Kila Ijumaa Tom aliwasimulia njia moja, kana kwamba anaipita saa ile. Alianza daima kwa neno moja: nimetoroka. Kwa walinzi neno hilo lilimaanisha kwamba mwili uko lindoni lakini roho imepumzika. Abdallah, mwenzake wa Zanzibar aliyelala kitanda cha juu yake kambini, ndiye aliyeongoza majibu.

"Mkenya, leo umefika wapi?"

"Nimevuka gogo. Chini maji, juu ukungu. Sioni hata jua."

"We hata hapo lindoni huoni jua, sasa nauli ya nini?"

Mwezi Agosti 2023 Tom alipewa likizo ya siku kumi na nne, akaenda kukaa kwa binamu yake Nahashon huko Al Wukair. Fomu ya likizo ilisainiwa na msimamizi aliyekuwa akiondoka, ikabaki ndani ya mtoto wa meza. Msimamizi mpya, asiyejua Kiswahili, alikuta jina la Tom kwenye orodha na Tom mwenyewe hayupo. Ijumaa tarehe 11 Agosti Tom aliandika kwenye kundi: "Wadau, leo nimetoroka. Niko Kalifonia, Njia ya Ukungu, maili ya pili. Zamu sirudi. Msinitafute." Abdallah akajibu: "Toroka baba, toroka! Ukipata kuni utubebee."

Msimamizi mpya alikuwa amewekwa kwenye kundi hilo siku tatu kabla. Aliyaweka maneno hayo kwenye kitafsiri cha simu, kikamwambia kwamba mlinzi wake amekimbia, yuko Amerika, hatarudi kazini na hataki kutafutwa, na kwamba wenzake wanamshangilia. Alhamisi tarehe 17 Agosti kampuni ilipeleka serikalini taarifa kwamba Tom Kiprono Lagat ametoroka kazi.

Jumapili tarehe 20 Agosti Tom aliripoti zamu, dakika ishirini kabla ya muda. Kadi yake iliwasha taa nyekundu. Abdallah alikuwa mlangoni.

"Tom! Si wamesema uko Amerika?"

"Amerika gani, Abdallah, na hizi chapati za Wukair nimekubebea bado zina moto?"

Walicheka wote wawili. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho Tom kulicheka jambo hilo kwa muda mrefu.

Katika ofisi ya kampuni alionyeshwa ujumbe wake ukiwa na tafsiri chini. Alimuuliza ofisa: "Mtu anayetoroka huwaaga watu hamsini?" Ofisa alielewa, hata akatabasamu, lakini taarifa ilikwisha kwenda, na kuifuta kulihitaji aliyeiandika. Aliyeiandika alihamishwa Septemba. Novemba kampuni ilipoteza kandarasi ya jengo lile na ofisi yake ikafungwa. Tom alifungua shauri. Karatasi ya shauri ilimruhusu kukaa nchini hadi lisikilizwe, lakini haikumruhusu kufanya kazi wala kusafiri. Liliahirishwa mara tano: 10 Desemba, 28 Januari, 17 Machi, 26 Mei na 8 Septemba. Kila mara kiti cha upande wa pili kilikuwa kitupu.

Aliishi kwa Nahashon, katika chumba kilichogawanywa kwa mbao, hatua nne kwa tatu. Dirisha lilitazama ukuta wa nyumba ya jirani, na kati yake na ukuta mtu angeweza kupitisha mkono, si bega. Tom alilijua kila doa la ukuta ule. Aliosha vyombo vya nyumba nzima, akapanga viatu vya wapangaji mlangoni kwa ukubwa, akatembea ushoroba kwenda na kurudi akihesabu. Hakuacha kuchora, ila Zamu B hakuisimulia tena njia yoyote. Katika daftari la saba, tarehe 2 Machi 2024, ameandika: "Njia ikizibwa pande zote mbili, ramani hulazimika kuamua kama bado ni njia."

Mzee Lagat alifariki tarehe 4 Mei 2024. Tom alihudhuria mazishi ya baba yake kwa simu iliyoegemezwa kwenye bilauri, amevaa shati jeupe na tai, ameketi wima kitandani. Jeneza lilipoanza kushushwa, mtandao ukakatika. Uliporudi, watu walikuwa wanakula. Jeptoo aliichukua simu akaenda nayo nyuma ya jikoni.

"Baba Shaun, kuna watu wanarudi. Nimeuliza. Unatia sahihi kwamba ulitoroka, wanakupa siku ya kuondoka, basi."

"Ni uongo, Mama Shaun."

"Najua ni uongo. Nani hapa hajui ni uongo?"

"Baba alitia sahihi karatasi ya uongo."

"Na baba amelala nyumbani kwake miaka thelathini. Wewe unalala wapi?"

Daftari linaonyesha kwamba kesho yake Tom alikwenda kwa Hidaya, dada yetu wa Zanzibar anayechapa fomu za Kiarabu karibu na ofisi za shauri, akamwomba amsomee fomu hiyo ya kukiri neno kwa neno.

"Hapa pameandikwa hurubu, kaka Tom. Yaani mtu kakimbia."

"Hakuna neno jingine? La mtu ambaye hakuwepo?"

"Lipo. Ghaibu. Ghaibu ni asiyekuwepo, wala hana kosa."

"Basi niandikie ghaibu. Si sote hapa tuko ughaibuni?"

Hidaya alicheka hadi alipomwona usoni. "Wallahi ningekuandikia hata kwa dhahabu. Lakini fomu haiachi nafasi ya neno lako. Lile limekwisha chapwa. Wewe unaachiwa mstari wa sahihi tu."

Tom aliikunja fomu akaiweka ndani ya daftari, bila sahihi. Alirudi kwa Hidaya mara nne zaidi, mwisho akiwa na barua aliyoiandika mwenyewe kueleza maana ya neno nimetoroka kwa walinzi wa zamu B, kurasa tatu, na Hidaya akaitafsiri yote. Iliwekwa kwenye jalada la shauri. Haijulikani kama ilisomwa.

Mwezi Oktoba 2024 miguu yake ilianza kuvimba, na hatua za ushoroba alizokuwa akihesabu elfu sita zikawa elfu mbili, kisha mia tisa. Hakutaka kwenda hospitali kwa kuwa kitambulisho chake kilikwisha muda. Abdallah alikuja Ijumaa tarehe 8 Novemba, akamkuta ameketi akilala kwa sababu akijinyoosha pumzi inakatika.

"Kitambulisho kimekufa, sawa. Na wewe unangoja ufanane nacho?"

Alimpeleka mwenyewe. Walimpokea na kumtibu vizuri, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wakiwemo dada zetu Wakenya, ambao hawakuuliza kitambulisho kwanza. Moyo ulikuwa umepanuka. Alilazwa siku kumi na moja, akaruhusiwa na dawa, akaambiwa asibebe kitu na asihuzunike. Alimwandikia Jeptoo agizo hilo la pili akiongeza alama ya mshangao.

Shaun alikuwa amemaliza kidato cha nne mwezi huo huo. Siku ya mwaka mpya aliomba kuongea na baba yake, na alichosema ni hiki: "Baba, mimi sitakumbuka jina la karatasi. Nitakumbuka kama ulikuja." Jeptoo alikuwa amemkataza kusema hivyo. Baadaye alichukua simu yeye mwenyewe, na safari hii hakubishana. Alimwomba tu. Alilia, na Tom alisikiliza hadi mwisho.

Jumapili tarehe 12 Januari 2025 Tom alivaa shati jeupe na tai ile ile, akaenda na Nahashon na Hidaya. Ofisa aliyekuwa mezani alimwona anavyohema akaamuru aletewe kiti. Tom aliomba Hidaya amsomee tena, akasikiliza, akauliza kama mstari wa nne ndio wenye neno lenyewe. Hidaya akasema ni wa sita. Alitia sahihi kwa majina yake matatu kamili, herufi zikiwa zimetengana kama za mtoto wa shule, akaandika tarehe. Ndani ya gari, walipokaribia Al Wukair, alimwambia Nahashon:

"Haya, mpigie Jeptoo. Mwambie nimetoroka."

Jeptoo alipoambiwa alicheka kwa sauti, halafu simu ikakatika. Yeye ndiye aliyeikata.

Tarehe ya kuondoka iliahidiwa kutoka ndani ya wiki tatu. Tom alipanga begi moja: madaftari manane, ramani ya kukunja, kitambaa cha Chemutai, viatu vya Shaun namba arobaini na tatu. Hakuchora tena. Stacy alimwandikia kwamba daraja jipya la Njia ya Kinu limekamilika na watu wanavuka. Tom alimjibu kwa sentensi moja, kwamba atafuta alama ya hatari kwenye ramani akifika nyumbani. Alhamisi tarehe 23 pumzi ilimzidi, akarudishwa hospitalini. Alifariki Jumapili tarehe 26 Januari 2025, saa tano na dakika kumi asubuhi, Abdallah akiwa amemshika mkono na Nahashon akiwa anamtafutia maji. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Tangu siku kadi ilipowasha taa nyekundu ilikuwa imepita miezi kumi na saba na siku sita. Tarehe ya kuondoka ilikuwa bado haijatoka. Vibali vya kuusafirisha mwili vimetoka kwa siku tatu.

Ameacha mke wake, Jeptoo, watoto wake, Shaun na Chemutai, mama yake mzazi, Mama Kobilo, dada wawili na kaka mmoja, binamu yake Nahashon, Abdallah, aliyekuwa ndugu wa kitanda cha juu, Hidaya, Stacy wa Kalifonia, na walinzi wote wa Zamu B. Mwili utaondoka kesho, na mazishi yatakuwa Kaptagat Alhamisi tarehe 6 Februari, saa nne asubuhi.

Siku ya Jumatano familia ilijadiliana kwa simu kama jambo la sahihi lisomwe mbele za watu. Wengine waliona heri liachwe, kwa kuwa marehemu hawezi kujieleza, na karatasi ile ndiyo hati ya mwisho yenye mkono wake katika nchi hii. Mama Kobilo alisema lisomwe. Jeptoo alisema lisomwe na maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka, nayo ni haya:

"Mkono ulikuwa wake, lakini sahihi ile ni yangu. Mimi ndiye niliyemwomba, na ningemwomba tena. Yeye alijua neno lile litamgharimu nini, akanipa. Mtakaokuja Kaptagat na mtakaobaki Doha, mkiulizwa, semeni mlisomewa kanisani: Tom hakutoroka."

Bwana ampokee mtumishi wake Kiprono, amlaze pema, na jina lake lilale naye likiwa safi.